Kifundo Upande wa Kulia

Singida mjini, 30 Novemba 1959

Nimefika jana alasiri. Mhariri anataka habari za mvua, barabara na pamba kutoka Jimbo la Kati hadi mwezi wa Machi. Nimefikia kwa Mselemu, mtoto wa marehemu dada yangu Raheli, na mkewe Johari, ambaye ni mshonaji.

Mkono wa kulia wa Mselemu nimeuona leo kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mwezi wa Mei, kule Tanga, mashine ya kuchakata mkonge ilichukua vidole vitatu vya katikati. Kimebaki kidole gumba na kidole cha mwisho. Kabla ya kwenda mkonge alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya Haji hapa mjini. Shamba lilimpa barua ya kuondokea yenye mistari mitatu, na katikati yake kuna maneno haya: kwa uzembe wake mwenyewe.

Mashine haikuwa na kinga. Niliandika hivyo mwezi wa Juni, safu mbili, na mashahidi wanne kwa majina. Mhariri aliipunguza ikawa mistari minne chini ya tangazo la sabuni. Bado sijamsamehe, na sitarajii kumsamehe.

3 Desemba

Mselemu hataki kuhurumiwa. Anataka besi la umeme. Aliona picha ya moja kwenye gazeti la Wazungu kule Tanga: gitaa lisilo na tumbo, nyuzi nne nene, sumaku chini ya nyuzi, waya unakwenda kwenye kipaza sauti. Anasema besi halihitaji vidole vitano, gumba linatosha. Bendi ya Haji hadi leo inapiga besi la sanduku, lile la kasha la chai na fimbo, ambalo mtu wa mstari wa tatu halisikii.

Tulikwenda kwa Haji pamoja. Ni mtu mfupi, karani wa duka, anayeongea huku akikunja vitambaa. Alisema gari la redio litakuja kurekodi bendi za jimbo mwanzoni mwa Machi.

"Ukileta kitu kinacholia, nafasi ni yako," alimwambia Mselemu. "Usipoleta, nina mtu Dodoma. Ana vidole kumi."

Nilitaka kumjibu. Mselemu alinishika mkono kwa ule mkono wake.

8 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana. Tumeshinda ndani tukipanga mahali pa vifundo vya besi.

Kazi imegawanywa hivi. Ubao wa mninga tayari upo Kilimatinde kwa Anselm, seremala aliyefundishwa misheni. Yeye atachonga mwili na shingo, atatoboa mashimo ya vifundo, na ndani ya ubao atachimba mfuko wa kulaza waya kabla hajaufunika kwa gundi. Sumaku zimetoka kwenye spika mbovu. Johari amezizungushia waya mwembamba kwa kile kigurudumu cha cherehani kinachojaza uzi, mizunguko elfu nne, na akiongeleshwa anaanza upya. Nimemwongelesha mara moja. Sitarudia.

Vifundo ni viwili, vya kuzungusha, vimeng'olewa kwenye redio. Kimoja cha sauti, kuipandisha na kuishusha. Cha pili cha unene: ukizungusha huku mlio unakuwa mnene, ukizungusha kule unakuwa mwembamba. Pia kuna swichi ya kuzima kabisa, ili kipaza sauti kisivume kati ya wimbo na wimbo.

Nilifikiri vitakaa popote vitakapopendeza. Mselemu alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Tangu ajali, gumba lake halijui kupiga polepole. Mshipa fulani umekatika. Anapiga kwa nguvu moja tu, kila mara. Mwimbaji akianza, besi lazima lishuke. Kiitikio kikija, lipande. Gumba haliwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo kidole cha mwisho kitafanya, kwa kuzungusha kifundo huku gumba linaendelea kupiga. Kama kifundo hakipo chini ya kidole hicho, Mselemu ana besi linalopiga kelele tu.

Tulikata boksi kwa umbo la gitaa, tukachora nyuzi kwa mkaa, tukatumia vifuniko vya soda badala ya vifundo. Mselemu akalivaa kwa kamba ya kanga. Tulihamisha vifuniko hivyo tangu asubuhi hadi saa tisa. Robo inchi mbele, kidole hakifiki. Robo nyuma, kinagonga uzi. Mwisho kidole kikakaa chenyewe: chini ya uzi mwembamba, inchi mbili na robo. Kifundo cha unene kikawekwa inchi tatu nyuma yake, mahali ambapo hakiguswi kwa bahati mbaya. Swichi pembeni kabisa.

Johari alivishona vifuniko kwenye boksi kwa uzi mweusi visisogee.

17 Desemba

Mvua. Nimetuma habari ya daraja la Manyoni.

19 Desemba

Lori la Manyoni linaondoka kesho na vipimo vinakwenda nalo. Mselemu alitaka tupeleke boksi lenyewe. Nilimwambia boksi litalowa na kufika likiwa uji. Nitaandika. Nimeandika kwa miaka ishirini na mbili ili watu wasiokuwapo wajue kilichotokea, na mipango ya mashimo matatu hainishindi.

"Anselm hasomi vizuri, Mjomba," alisema. "Husomewa na mkewe."

"Basi atasomewa."

Barua ni ukurasa mmoja. Haina neno la ziada. Nimeikagua mara mbili.

25 Desemba

Kanisani asubuhi, pilau ya Johari mchana. Mkono wa Mselemu unamuuma kukiwa na baridi.

9 Januari 1960

Barabara ya Itigi imekatika. Ofisi ya Bwana D.C. inasema inapitika. Nilikwenda kwa miguu nikaona malori mawili yamezama hadi milangoni. Nimeandika nilichoona. Mhariri ataandika kilichosemwa na ofisi.

16 Januari

Mvua. Hakuna habari kutoka Kilimatinde.

21 Januari

Haji alipita akauliza. Nilimwambia mambo yako njiani. Akamtazama Mselemu, siyo mimi, akasema mtu wa Dodoma bado anasubiri. Kuna watu wanaozaliwa na ukarani ndani ya damu.

28 Januari

Besi limefika leo saa tano, limefungwa kwenye magunia mawili na turubai. Kazi ya mbao ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Mninga umesuguliwa hadi unateleza, shingo imenyooka, mfuniko wa nyuma umegandishwa bila ufa unaoingiza ukucha.

Vifundo viko upande usio wake.

Tulitegemea mashimo chini ya uzi mwembamba. Yapo juu ya uzi mnene, ng'ambo ya pili ya nyuzi, karibu na kifua cha mpigaji. Vipimo ni sawa kabisa: inchi mbili na robo, kisha inchi tatu. Upande ndio uliogeuka. Mselemu alilivaa. Kidole chake cha mwisho kilibaki kinaning'inia juu ya mninga mtupu. Gumba ndilo lililo karibu na kifundo, na gumba lina kazi.

 Alilivua, akalilaza kitandani, akatoka nje kwenye mvua bila kofia.

Johari alijaribu kufunga kifundo nje, ndani ya kopo la tumbaku, upande unaotakiwa. Kipaza sauti kilinguruma kama lori linalopanda mlima. Waya ukikaa nje unaokota kila kelele, kwa hiyo ni lazima ulale ndani ya mbao, na mfuko umechimbwa upande mwingine.

29 Januari

Nimelala vibaya na nimeamka na hasira ileile. Anselm alikuwa na vipimo mkononi. Alikuwa na wiki tano. Hakuuliza swali hata moja. Mtu anaharibu kazi ya miezi miwili, na nafasi ya pekee ya mtu mwenye vidole viwili, kwa uzembe wake mwenyewe. Nitakwenda Kilimatinde nimwambie hivyo mbele ya mkewe na mbele ya padri akitaka.

2 Februari, Manyoni

Siku mbili njiani kwa mwendo wa siku moja. Tumesukuma lori mara saba. Besi nimelipakata. Maneno ya kumwambia Anselm nimeyapanga, ni aya nne.

3 Februari, Kilimatinde

Naandika haya yote kama yalivyotokea, kwa sababu kesho nitajaribu kuyapunguza.

Nilifika karakana ya Anselm saa nne asubuhi. Ni mtu mrefu, mwenye mvi, mtaratibu. Mkewe Felista alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha. Alinisalimu "Mbukwa", salamu ya Kigogo, nikaitikia kwa Kiswahili, kwa makusudi. Sikukaa kwenye kigoda nilichopewa. Nililifungua gunia, nikaliweka besi juu ya meza yake na kusema aya zangu nne. Nilisema juu ya mkonge. Nilisema juu ya mtu ambaye ameshakatwa mara moja na watu wasiojali kazi yao, na sasa amekatwa mara ya pili.

Anselm alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka randa chini na kumwomba mkewe alete barua.

Felista alikausha mikono, akaingia ndani, akarudi na barua yangu katikati ya kitabu cha nyimbo. Aliisoma kwa sauti, polepole, kama ambavyo nina hakika alimsomea mumewe. Alipofika kwenye mstari wa sita akausoma mara mbili:

"Kifundo cha sauti kiwe upande wa kulia wa nyuzi, inchi mbili na robo."

"Ndivyo," nilisema. "Upande wa kulia."

"Ndiko nilikokiweka," alisema Anselm.

Alichukua zeze lililokuwa limetundikwa ukutani, akanionyesha nyuzi zake. Alisema kila mpigaji anayekuja hapo kutengenezewa zeze ana maneno mawili tu. Uzi mnene ni wa kulia, kwa sababu ndio unaolia kwanza. Uzi mwembamba ni wa kuitikia. Upande wa kulia, upande wa kuitikia. Alipiga mmoja, ukalia. Alipiga wa pili, ukaitikia. Kisha akalitundika zeze.

Nilimwambia mtu yeyote anajua kulia ni mkono wa kulia, na besi likisimamishwa mbele yako uzi mwembamba uko mkono huo.

"Hapa misheni mkono huo ni wa kuume," alisema Felista. "Kanisani kuume, shuleni kuume. Nami nilitafuta, Bwana Filipo. Nilisema labda ana maana ya mkono. Nimetafuta neno mkono kwenye barua hii yote. Halimo."

Akanipa karatasi. Nilitafuta mimi pia. Halimo.

"Tena nilimwambia mume wangu tuulize," alisema. "Akasema huyu ni mwandishi wa gazeti. Tukimuuliza tutamtukana."

Hapo ndipo nilipokaa kwenye kigoda.

Anselm hakufurahia kunishinda. Alikwenda moja kwa moja kwenye kazi. Anaweza kuziba mashimo kwa vipande vya mninga, akafungua mfuniko, akachimba mfuko mpya ng'ambo ya pili. Lakini gundi yake ni ya ngozi, na masika haikauki. Ile ya kwanza aliikausha wiki tatu juu ya moto wa pumba, na ilimshinda mara mbili. Akilifungua sasa, litakuwa tayari Mei. Nilimwambia redio inakuja Machi. Alisema anajua, ndiyo sababu alifanya haraka.

Nilimwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa na kuuliza kama nimekula.

4 Februari

Nimelala misheni. Nimesoma tena niliyoandika tarehe 29 Januari. Maneno manne ya mwisho juu ya Anselm ni maneno ya barua ya shamba la mkonge, neno kwa neno. Nilikuwa nimeyachukia kwa miezi minane, na siku nilipoyahitaji yalikuja bila kutafutwa.

Sikuyafuta. Yabaki hapo.

8 Februari, Singida

Nimemwambia Mselemu kila kitu, tangu neno mkono hadi gundi. Hakunipa shikamoo nilipoingia, na sikumdai. Alisikiliza huku anatazama mlango.

"Boksi lingelowa," alisema mwisho, "lakini vifuniko vilikuwa vimeshonwa."

 Johari aliniletea chakula peke yangu.

11 Februari

Habari mbaya. Gari la redio linakuja tarehe 20 mwezi huu, siyo Machi. Wanakimbia mvua. Nilikwenda dukani kwa Haji kabla ya Mselemu kusikia. Nilikuwa tayari kumsihi, jambo ambalo sijamfanyia mtu tangu nilipokuwa kijana. Nilimwomba asimwite mtu wa Dodoma bado, atupe siku tatu.

Haji alikunja kitambaa chake, akakiweka rafuni.

"Mtu wa Dodoma hayupo," alisema. "Mselemu alipotoka Tanga alikaa kibarazani miezi mitano anautazama mkono. Nikaona bora akasirike. Sasa wewe, mtu mzima, usimwambie."

Nimejivunia kuwa najua watu kwa kuwatazama.

12 Februari

Mselemu alinijia asubuhi, besi likiwa limening'inia shingoni. Alinipa shikamoo, nikaitikia.

"Wewe ndiye uliyekiweka kule, Mjomba. Utakizungusha wewe."

Nilifikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Nasimama nyuma ya bega lake la kulia. Mkono wangu unapita juu ya bega na kushuka hadi kwenye kifundo. Akikanyaga mguu, napandisha. Akiinua kidevu, nashusha. Yeye anapiga. Nina miaka hamsini na moja na sijawahi kucheza hata ngoma ya harusi.

13 Februari

Mazoezi saa tatu. Nachelewa kuzungusha. Mselemu anasema nachelewa kwa sababu nasubiri nione mguu, badala ya kusikiliza wimbo unakwenda wapi. Nilimjibu kwamba kazi yangu siku zote ni kusubiri nione.

"Ndiyo maana unachelewa," alisema.

15 Februari

Bendi nzima leo. Mpiga tarumbeta alicheka hadi akashindwa kupuliza. Akaniita Bwana Bomba, kwa vile nafungua na kufunga. Haji alimwambia afunge mdomo na kupiga. Nilipandisha mahali pa kushusha. Mselemu alisimama, akageuka, akaniambia mbele ya watu wote kwamba kosa la kwanza lilikuwa kwenye karatasi na hili liko masikioni mwao, niamue lipi napenda zaidi. Johari aliyekuwa anapeleka chai hakuingilia.

Nilikasirika. Mselemu hakukosea hata neno.

17 Februari

Mvua. Mara tano bila kosa, kisha kosa.

18 Februari

Mhariri amepiga simu ya maandishi akitaka habari ya gari la redio, ya kupendeza, maneno mia mbili. Nimemjibu kwamba safari hii siwezi kuiandika, mimi ni sehemu ya habari.

20 Februari

Ukumbi ulijaa kuanzia saa nane. Betri mbili za lori kwa ajili ya kipaza sauti, jenereta ya redio nje, turubai juu yake. Mvua ilikata saa tisa kasorobo. Fundi wa redio ni kijana wa Dar es Salaam mwenye miwani. Alipanga watu kwa chaki sakafuni, kila mmoja na duara lake. Alipofika kwetu alisimama.

Alitaka kujua kwa nini kuna watu wawili kwenye gitaa moja. Haji alianza kueleza, akachanganyikiwa. Fundi alisema hana nafasi ya msaidizi, kila pumzi inaingia kwenye utepe, mzee atoke.

Nilianza kuondoa mkono. Mselemu aliubana kwa bega lake, usitoke.

"Hatoki," alisema.

"Kwani huyu ni nani?"

"Ni mwandishi," alisema Mselemu. "Anasahihisha."

Fundi alinitazama, akautazama mkono wa Mselemu juu ya nyuzi, gumba na kidole cha mwisho. Alichora duara letu upya, kubwa zaidi, na kwenda kukaa nyuma ya mashine yake. Taa nyekundu ikawaka.

Tulipiga nyimbo mbili. Ule wa kwanza sikukosea. Wa pili, kwenye ubeti wa tatu, Mselemu aliinua kidevu nami nikachelewa, labda nusu sekunde, na besi likapita juu ya sauti ya mwimbaji kabla sijalishusha. Niliona bega lake likikaza. Hakusimama, akaendelea hadi mwisho.

Fundi alisema hana utepe wa kurudia. Ubeti wa tatu utakwenda hewani ulivyo.